Moto Hautakasi Mkate Ulioota Kuvu

Swali lile lile limenirudia juma hili hapa Mogogosiek, kama lilivyonijia katika mikutano ya wazazi, katika vikundi vya kina mama na katika vituo vya kupimia majani chai, nalo huulizwa na watu wenye nia njema na watoto wa kulisha: "Mwalimu, mkate ukianza kuota kuvu pembeni, nikikata pale palipoharibika, nikauchoma uliobaki juu ya kikaango, kisha nikatia yai na nyanya ndani yake, si mtoto atakula salama?" Jawabu ni la, lilikuwa la jana, na litakuwa la kesho. Nalieleza leo kwa maandishi kwa kuwa nimechoka kulieleza kwa mdomo, na kwa kuwa wale wanaoniomba niwatajie vitu bora vya kutia katika sandwichi aghalabu hawajautazama mkate wenyewe, ambao ndio shina la jambo zima. Mkate ukiwa mbovu, hakuna yai, nyama wala siagi iwezayo kuutengeneza.

Lile doa la kijani mnaloliona si mwanzo wa kuvu, bali ni dalili kwamba kazi yake imekwisha kwenda mbali. Kabla ya rangi kudhihiri, kuvu huwa imetandaza nyuzi nyembamba, zisizoonekana kwa macho, katika matundu yale yale yanayoufanya mkate uwe laini. Rangi hutokea baadaye, inapozaa mbegu zake za kupeperushwa na hewa. Mkulima wa chai aliyepata kupambana na sangari shambani anajua kwamba kukata majani yaliyo juu ya udongo si kung'oa kilicho chini yake. Jibini ngumu, au karoti, huweza kukatwa inchi moja kuzunguka doa na iliyobaki ikaliwa, kwa kuwa ugumu wake huzuia nyuzi zisipenye mbali. Mkate hauna kinga hiyo. Fauka ya hayo, sisi tunakaa katika nchi ya milima, karibu mita 2,000 juu ya bahari, yenye mvua nyingi na asubuhi za umande, na mkate uliofungwa katika mfuko wa nailoni ungali na uvuguvugu hutoa jasho lake humo humo, ukawa shamba la kuvu kabla mwenye nyumba hajashuku neno.

Sasa nije kwenye moto, maana hapo ndipo upotofu ulipojikita. Watu husema moto huua, nao wasema kweli: kuvu hufa kikaangoni. Walakini kumuua mwenye kutengeneza sumu si kuiondoa sumu aliyokwisha kuitengeneza. Kuvu iitwayo Penicillium verrucosum hutoa okratoksini, ambayo hudhuru figo. Aspergillus flavus hutoa aflatoksini, ambayo huharibu ini na imethibitishwa kuwa chanzo cha saratani. Aflatoksini haivunjiki mpaka joto lipite digrii 230 hivi, hali ndani ya slesi ya mkate joto halipiti digrii 100 maadamu ungali na unyevu. Na wale wanaochovya mkate wa namna hiyo katika chai ya moto, wakiamini wameutakasa, wajue kwamba maji ya huku kwetu, kwa sababu ya kimo cha nchi, huchemka kwenye digrii 93 au karibu na hapo. Si kila kuvu ina sumu, nakiri hilo kwa insafu. Lakini jicho la binadamu halina uwezo wa kuibagua yenye sumu na isiyo nayo, wala rangi si ushahidi, wala harufu si kipimo.

Atakaye burhani asiende mbali. Mwaka 2004, hapa hapa Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki dunia kwa kula mahindi yaliyoingia aflatoksini. Watu wale hawakuyala mahindi yao mabichi: waliyasonga ugali au waliyachemsha kwa saa nyingi kama wapikavyo watu wote, na sumu ikabaki palepale. Ikiwa chungu kilichotokota tangu asubuhi hadi adhuhuri hakikuiondoa, kikaango cha dakika mbili kitaiondoaje? Simaanishi kwamba slesi moja yenye doa italeta msiba wa kiasi kile. Namaanisha kwamba hoja ya moto ni batili, na mwenye kuishikilia baada ya msiba ule anafunga macho kwa makusudi.

Najua chimbuko la dhana hii. Mkate wa siku mbili huwa mgumu kwa sababu wanga wake hujipanga upya baada ya kupoa, na ukipashwa moto wanga huo hulegea na mkate hurudia ulaini wake kwa kitambo. Watu waliona moto ukiponya ukavu, wakadhani unaponya na uozo. Mambo hayo ni mawili mbalimbali. Mkate mkavu usio na kuvu uchomeni bila hofu, nao hufaa sana kwa sandwichi kwa kuwa hauloi upesi. Mkate wenye kuvu utupeni.

Wapo pia wanaojiona wajuzi zaidi, wasemao kwamba kuvu ya mkate ni penisilini, na kwa hiyo ni dawa ya kifua na vidonda. Alexander Fleming aligundua penisilini huko London mwaka 1928 katika kuvu ya aina moja mahususi, na mgonjwa wa kwanza hakutibiwa kwa dawa iliyosafishwa huko Oxford mpaka mwaka 1941, baada ya jitihada kubwa za kuitenga na uchafu wake. Kuvu za jamii ya Penicillium ni mamia, nyingi hazitoi dawa hiyo, na baadhi yake ndizo zitoazo sumu, kama okratoksini niliyoitaja. Anayemlisha mgonjwa mkate wa kijani hampi dawa. Anamwongezea maradhi na kumchelewesha kufika kwa tabibu.

Wala msiwatupie ng'ombe au kuku mkate huo kwa kuchelea israfu. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu, na ni vifo hivyo vilivyowafanya wataalamu waigundue aflatoksini. Ng'ombe akiila sumu hiyo hutoa sehemu yake katika maziwa, na maziwa hayo, yakichemshwa au yakigandishwa kuwa mursik, hubaki nayo. Mahali pa mkate huo ni shimo la mbolea.

Baada ya hayo, haya ya matumizi nayapitia kwa haraka. Nunueni mkate wa kutosha siku mbili, wala msiuweke katika sehemu ya kawaida ya friji, ambamo hukauka upesi kuliko mezani; kama mna sehemu ya kugandisha, ugandisheni. Pakeni siagi au majarini slesi zote mbili hadi ukingoni, maana mafuta huzuia maji ya nyanya yasiuloweshe mkate. Yai liive kabisa na lipoe kabla ya kufunikwa, na liliwe ndani ya muda wa saa mbili. Kadhalika nyama na soseji. Kwa mchuma chai atakayekula adhuhuri, au mtoto atakayefungua mkoba saa nne, siagi ya karanga au jemu ni salama zaidi, lakini karanga ziwe nzima na zisizo na madoa, na siagi iliyotengenezwa iwe na alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Parachichi lipondwe kwa ndimu ili lisigeuke rangi, na chumvi ya nyanya itiwe wakati wa kula. Maharagwe mazito yaliyobaki jana, yakiwa yamehifadhiwa penye baridi na kupashwa yakatokota, kisha yakaliwa palepale, yashinda soseji kwa faida na kwa bei.

Kila mtu na achague kijazo apendacho, maana ladha haina hakimu. Kwa mkate hakuna hiari: autazame kwanza penye mwanga, pande zote mbili, na akiona doa moja la kuvu, autupe wote.