Mtoto anapenda farasi, nyumbani hamna hata punda

Mzazi wa Mkonze, kama una mtoto anayechora farasi kwenye kurasa za nyuma za kila daftari, na mkokoteni wa punda ukipita husimama barabarani mpaka umwite mara tatu, safu ya wiki hii ni yako. Farasi huna na huna mpango wa kununua. Punda pia huna. Pengine umeshampiga marufuku kwenda kwa jirani mwenye punda, kwa kuwa umesikia mtoto wa fulani alipigwa teke.

Hofu yako ina msingi. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekatazwa huenda kwa kificho, na mtoto aliyekwenda kwa kificho akipigwa teke la tumbo hasemi. Anarudi nyumbani, anakataa chakula cha jioni, anasema amechoka, analala. Mzazi anagundua usiku wa manane kwamba tumbo limekuwa gumu kama ubao. Kwa sababu hiyo mimi niko upande wa kumruhusu, kwa masharti, na mojawapo ni kwamba akiumia aseme siku hiyo hiyo bila kuchapwa.

Kwanza tukubaliane kuhusu mnyama mwenyewe. Farasi ni wachache nchini. Ni ghali kuwatunza, na hali ya nchi yetu haiwapendi: kuna nagana inayoenezwa na mbung'o, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao huua farasi wengi wanaoupata huku punda wa Afrika mara nyingi wakiupita bila hata kuonyesha dalili. Farasi ambao Mtanzania wa kawaida anaweza kuwaona ni wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi. Punda ni ndugu wa farasi wa damu kabisa, na Dodoma ni nchi yake. Anabeba maji, mchanga, kuni na magunia ya mtama. Alipoanza kupungua kwa biashara ya ngozi, serikali ilisitisha uchinjaji wake mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaunga mkono kusitisha biashara hiyo barani kote. Kila mama aliyewahi kujitwika ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 juu ya shingo, anajua punda anaokoa nini.

Kwa hiyo mtoto wako hana haja ya kusubiri farasi. Mnyama anayempenda yuko nyumba ya tatu.

Faida zenyewe kiafya ni zipi? Kumsugua punda kwa brashi, kumchotea maji, kutembea naye kwenda malishoni na kurudi ni mazoezi ya mwili mzima, na mtoto anayafanya bila kusukumwa wakati wenzake wamekaa mbele ya simu. La pili ni utulivu. Punda hapendi kelele wala papara, hivyo mtoto mwenye haraka hulazimika kupunguza mwendo na sauti ili akubalike. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto na vijana 127 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 16. Kundi moja lilifundishwa kupanda farasi kwa wiki 10, kundi jingine lilijifunza mambo ya zizini bila kumgusa farasi. Waliokuwa na farasi walipungukiwa hasira na kutotulia zaidi ya wenzao, na wakawasiliana vizuri zaidi. Wale walikuwa farasi waliofunzwa wakiwa na walimu waliosomea kazi hiyo, kwa hiyo usitarajie makubwa kama hayo kwa punda wa jirani Jumamosi mbili. Lakini mwelekeo unaonekana.

Kuna pia habari ya Lis Hartel, mwanamke wa Denmark aliyepata polio mwaka 1944 na kubaki amepooza miguu chini ya magoti. Alisaidiwa kupanda na kushuka kwenye farasi, na bado alitwaa medali ya fedha ya upandaji farasi katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Mfano wake ulichochea nchi nyingi za Ulaya kuanza kuwatumia farasi katika tiba ya watu wenye ulemavu. Farasi anapotembea, nyonga za aliyekaa juu yake husogea karibu sawa na za mtu anayetembea kwa miguu yake, na misuli ya mgongo hulazimika kufanya kazi. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba mkao na uwiano wa mwili huboreka.

Hapa nasisitiza kwa wazazi wenye watoto hao. Usimchukue mtoto asiyeweza kukaza shingo ukamkalisha juu ya punda kwa kuwa umesoma habari hii. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa na dawa asipande. Mwenye Down naye asipande kabla daktari hajamwangalia mifupa ya shingo, kwa sababu baadhi yao viungo vya juu ya shingo huwa vimelegea. Ongea kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia. Kusugua, kulisha na kumshika punda kichwani akiwa ameshikiliwa na mtu mzima kunawafaa karibu wote, na mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kufanya hivyo akiwa kwenye kiti chake, upande wa bega la mnyama.

Namna ya kuazima punda

Usimtume mtoto akaombe mwenyewe. Nenda wewe, na baada ya mbukwenyi na habari za mvua, mweleze mwenye punda kwamba mwanao anapenda wanyama na ungependa awe anakuja siku fulani, saa fulani, kusaidia kazi ndogo. Jioni punda akishashushwa mzigo na kupumzika ni saa nzuri. Saa ya kufunga mkokoteni asubuhi ni mbaya, kila mtu ana haraka na mnyama pia ana wasiwasi. Uliza ni punda yupi mpole, ni yupi anang'ata. Mwenyewe anajua. Punda mwenye mtoto mchanga, dume aliye karibu na jike, na punda mwenye kidonda mgongoni, hao mtoto asiwasogelee hata kama jana walikuwa wapole.

Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote isipokuwa mahali pawili: nyuma ya mkia wake na mbele kabisa chini ya pua. Mtoto anayetokea nyuma kimyakimya ni sawa na adui. Mfundishe kumjia kutokea upande wa bega, akiwa anaongea, aanze kumgusa shingoni au begani. Akitaka kwenda upande wa pili apite mbele kwa mbali, au azunguke nyuma kwa umbali wa hatua tano za mtu mzima. Masikio yakilazwa nyuma, mkia ukichapachapa au mguu wa nyuma ukiinuliwa, mtoto aondoke taratibu bila kukimbia. Na punda akiogopa mara nyingi husimama kama kisiki. Watu humwita mkaidi na kuanza kumchapa, na mateke mengi huanzia hapo.

Kitu ambacho nakiona kila siku na kinanikosesha raha ni kamba. Mtoto anajifunga kamba ya punda kiunoni, au anaizungusha mkononi mara tatu ili asimponyoke. Punda akishtushwa na honi ya bodaboda, mtoto anaburuzwa. Kamba ishikwe kwa kukunjwa, iwe ya kuachia mara moja. Avae viatu vilivyofunika vidole, siyo kandambili, kwa sababu kwato moja inabeba mnyama wa zaidi ya kilo 100. Kupanda, kama mwenye punda ameruhusu, kuwe kwa mtoto mdogo mwepesi, mtu mzima akiongoza kwa miguu, bila kumfunga mtoto juu ya mnyama. Na asikae juu ya madumu kwenye mkokoteni uliojaa: akianguka huanguka karibu na gurudumu.

Siku ambazo haendi, mapenzi yake yasikatike. Achore, aandike jina la punda na anachokula. Mwanzoni mwa Agosti mpeleke Nanenane pale Nzuguni akaone mabanda ya mifugo na kuwauliza maswali madaktari wa wanyama. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha udaktari huo, na mtoto wa darasa la tano akijua hilo, hesabu na sayansi hupata sababu.

Akipigwa teke, akijikata, aking'atwa

Teke la kichwa, kifua au tumbo ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anacheza. Bandama na ini huweza kuvuja damu polepole kwa saa nyingi huku ngozi ikiwa na alama ndogo tu ya kwato. Dalili za hatari ni tumbo kuuma zaidi kadiri muda unavyokwenda, tumbo kuwa gumu, kutapika, weupe wa midomo na viganja, damu kwenye mkojo, na maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa. Hilo la bega huwashangaza wazazi, lakini bandama ikivuja, damu husumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yake husikika begani. Kwa kichwa, angalia kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, maji au damu puani au masikioni. Ukiona lolote kati ya hayo usingoje asubuhi. Usimpe aspirini, maana huzidisha kuvuja kwa damu.

Sasa kidonda. Wazee walioipa pepopunda jina lake hawakukosea kumtaja punda. Bakteria wa ugonjwa huo huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, hasa jamii ya farasi, na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Punda na farasi wenyewe huugua. Waliloongeza la pepo ndilo linalotugharimu hadi leo. Mtoto aliyechomwa na msumari zizini, siku 3 hadi 21 baadaye taya linakaza, hawezi kumeza, shingo na mgongo vinapinda, mlango ukigongwa mwili wote unakakamaa huku akili yake ikiwa timamu. Nyumbani wanasema katupiwa kitu, anapelekwa kwa mganga, na siku mbili zinapotea. Ni ugonjwa wa hospitali, na unaua.

Kinga yake ipo na ni bure. Iko ndani ya chanjo ya Pentavalenti inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini kinga hiyo hupungua kadiri mtoto anavyokua, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi tatu za nyongeza: katika mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Wasichana wengi huja kupata nyingine wakiwa wajawazito. Wavulana hawana kliniki ya namna hiyo, na ndio wanaoshinda na mikokoteni. Baba unayesoma hapa, jiulize mwenyewe ulichanjwa lini mara ya mwisho.

Kidonda kikipatikana, kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Hakuna kupaka kinyesi, majivu, udongo wala mafuta ya breki. Kisha peleka mtoto na kadi yake, mhudumu ataamua kama anahitaji sindano ya nyongeza.

Kung'atwa ni habari nyingine. Punda akiumwa na mbwa mwenye kichaa naye huweza kupata kichaa hicho na kumwambukiza mtu. Osha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda kituoni ukaelezwe kuhusu chanjo, na umjulishe ofisa mifugo wa kata, hasa kama punda amebadilika tabia, anatoa mate mengi au anang'ata hovyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa.

Mengine ni madogo. Mwenye pumu akae mbali wakati wa kufagia zizi na awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, kwani vumbi na manyoya humwamsha. Mapunye huweza kutoka kwa mnyama mwenye mabaka yasiyo na nywele, basi huyo asiguswe mpaka atibiwe. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, hata karanga moja.

Kabla ya Jumamosi ya kwanza, toa kadi ya kliniki sandukuni uihesabu. Kama ilipotea au iliungua, usikae nyumbani kwa kuogopa kufokewa na muuguzi. Nenda useme imepotea, mtoto ataanzishiwa dozi upya, na kuchanjwa mara ya pili alichokwisha kuchanjwa hakumdhuru.