Uchovu wa Moyo katika Riwaya ya Utengano

Katika kuihakiki Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, imezoeleka kumtaja Bwana Maksuudi kuwa mnafiki na kuishia hapo. Hukumu hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwani haielezi jinsi nyumba nzima ilivyouzoea unafiki huo hadi ikabomoka.

Thomas Mann, katika Buddenbrooks (1901), alionyesha kuporomoka kwa familia ya wafanyabiashara wa Kijerumani kwa kufuata vizazi 4. Huko nia ya kutenda hudhoofika polepole. Katika Utengano nia hiyo hainyimwi nguvu tu. Hainyimwi hata nafasi ya kuota, bali hung'olewa ingali changa.

Bi Tamima na bintiye Maimuna hawakosi chakula wala mavazi. Wanachokosa ni hiari. Ndani ya kuta, siku hufanana na siku, na uchovu unaozaliwa humo si uvivu. Ni zao la mali inayolindwa kwa milango, mali ambayo Maksuudi alipata sehemu yake kwa kumdhulumu Mwanasururu, mkewe wa kwanza. Asiyeruhusiwa kuamua hapati mazoezi ya kupambanua jema na baya. Bi Tamima aliposhikwa na uchungu wa uzazi, mkunga Farashuu aliitwa bila idhini ya mume. Tendo hilo la utu likalipwa kwa talaka. Ndiyo maana Maimuna, alipofika kwa Mama Jeni, alidhani kutokuwapo kwa baba ndio uhuru. Ulevi nao ukawa ukuta wa pili.

Riwaya hii iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Msomaji wa Kithyoko, katika nyanda kavu za Machakos, ambako mwanamke hudamkia maji na shamba, huenda akauona uchovu wa Maimuna kuwa anasa ya matajiri. Hata hivyo, kazi nyingi si hiari: anayechota maji mchana kutwa naye aweza kuwa hajaulizwa neno nyumbani kwake. Mwalimu akisisitiza unafiki wa Maksuudi pekee, mwanafunzi atamlaani mtu mmoja na kufunga kitabu. Yafaa aulizwe pia ni nani katika nyumba ile aliyejua, akanyamaza, na ukimya huo ulimfaa nani.