Je, Wajua Buji Nyeusi Inasema Nini?

Bukavu pikipiki huitwa moto, na anayeiendesha ni motari. Nyingi ni Bajaj Boxer na TVS, mashine za India zenye silinda moja, nazo ndizo zinazopandisha watu milima ya Kadutu na Bagira, mara nyingine abiria wawili na gunia la makaa juu ya kiti kimoja.

Wapenzi wa mapikipiki ya safari ndefu hutamani kitu kama Yamaha FJR1300: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,298, nguvu za farasi zaidi ya 140. Ikijazwa petroli ina uzito unaokaribia kilo 290. Iangushe kwenye tope la mteremko wa Ngomo, njia ya kwenda Uvira, halafu utafute wanaume wa kuiinua! Lakini tofauti ninayoipenda mimi si uzito. Jitu hilo lina kihisio kinachopima mgandamizo wa hewa na kuamuru petroli ipungue mlimani. Moto ya kabureta haina kihisio hicho. Ina fundi.

Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya mji vinapanda kupita hapo. Kwa kimo hicho hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na pwani ya Mombasa. Injini hupumua kama mwanadamu: kila pistoni inaposhuka huvuta ujazo uleule, ila ndani yake oksijeni ni kidogo. Kabureta nayo hainyonyi petroli kwa kupima oksijeni. Huinyonya kwa mvuto wa hewa inayopita. Hewa ikipungua kwa asilimia 15, petroli hupungua kwa kama 8 tu. Kwa hiyo injini inashiba petroli kuliko inavyoweza kuunguza. Moshi unakuwa mweusi, nguvu zinakwisha katikati ya mlima, na motari anamlaumu muuza petroli.

Fundi haanzi na petroli. Anafungua buji, ile ambayo Dar es Salaam na Nairobi huiita plagi, anaifuta uzi wake kwa kitambaa na kuielekeza kwenye mwanga. Ncha yenye rangi ya kahawia, kama ganda la mkate, ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi, au chujio la hewa limezibwa na vumbi. Nyeusi inayong'aa kwa mafuta ni habari mbaya: oili inapenya kwenye ringi za pistoni au valvu, na hapo mfuko wa mwenye moto utaumia. Kwa masizi makavu, akishasafisha chujio, fundi huweka jikleri yenye tundu dogo zaidi. Ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, lakini ndicho kinachoamua petroli ipite kiasi gani.

Shida inarudi kwa upande wa pili motari huyo anapopata abiria wa Uvira. Ufuko wa Tanganyika uko chini ya Bukavu kwa karibu mita 700. Huko hewa ni nzito, na jikleri ya mlimani inaleta petroli kidogo mno: injini inachemka, ncha ya buji inageuka nyeupe, na pistoni iko hatarini. Tena wengine huzima injini na kutoa gia wakiteremka ili kubana petroli. Ubaya wake ni kwamba gia haishikilii tena mashine, breki zinabeba mzigo wote, zinapata joto na kulegea pale pale zinapohitajika.

Oili nayo ina ujanja wake. Takriban lita moja tu hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja, ndiyo maana oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Tafuta herufi JASO MA kwenye chupa.

Na ukienda kununua moto iliyokwisha tumika, usidanganywe na rangi mpya ya tangi. Kabla ya kuuliza bei, omba ufunguo wa buji.