Sikio la Askari na Hukumu ya Sauti

Katika kambi zetu hapakosekani ubishi juu ya vyombo vya muziki. Mmoja huapa kwamba sauti ya sidii ndiyo safi kuliko zote. Mwenziwe hudai kwamba sauti hiyo ni kavu. Wa tatu ametoa mishahara ya miezi kadhaa kununua chombo ambacho, asema, humpa sauti wasiyoisikia wengine. Ni nani msema kweli? Aghalabu wote husema kweli kama waisikiavyo, lakini kweli ya msikiaji si lazima iwe kweli ya chombo.

Sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huhifadhi sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kipimo hicho chatosha kwa mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo kikomo cha sikio la kijana mwenye afya. Umri ukisonga, kikomo hushuka. Askari ana adui mwingine: mlio wa bunduki. Mlio huo huua chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio, na hasara huanza hasa kwenye sauti nyembamba za mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Hivyo kuruta na sajini mkongwe waweza kuketi mbele ya spika moja na kusikia mambo mawili.

Akili nayo hudanganya. Chombo kinachopiga kwa sauti kubwa kidogo husifiwa kuwa bora, na bei ghali humwandaa mnunuzi kusikia uzuri.

Dawa yake ndugu zetu wa polisi waijua: gwaride la utambulisho. Shahidi hanong'onezwi mtuhumiwa ni yupi. Vivyo hivyo, vyombo visawazishwe ukubwa wa sauti, kisha msikilizaji ahukumu bila kujua kipi kinapiga. Mwaka 2007 Wamarekani E. Brad Meyer na David Moran walitangaza matokeo ya jaribio la namna hiyo. Wasikilizaji walitakiwa kupambanua rekodi za ubora wa juu kuliko sidii na rekodi zizo hizo zilizoshushwa hadi kiwango cha sidii. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Kurusha sarafu kungalileta karibu yayo hayo.

Hii si kusema vyombo vyote ni sawa. Spika hutofautiana sana, na chumba hubadili sauti. Basi kabla ya kutoa mshahara, pima kwa sikio, si kwa macho.

Na sikio lenyewe lilindwe. Konsonanti nyingi hubebwa na sauti nyembamba, na katika amri, "sita" na "tisa" hutenganishwa na konsonanti tu. Chombo kibovu hununuliwa kingine. Sikio halina duka. Uendapo kwenye shabaha, vaa vizibo vya masikio.