Akwariamu ya Bidoni Mbili: Samaki Hai Chumbani mwa Mwanafunzi

Mwanafunzi wa isimu anayekusanya maneno ya Masisi au Walikale hakawii kukutana na tatizo hili. Ameandika jina la samaki kwa Kihunde au kwa Kinyanga, na maana aliyoweza kuitia mbele yake ni maneno matatu tu: “aina ya samaki”. Kamusi nyingi za lugha za Kibantu zina mistari ya namna hiyo. Mara nyingi jina lilitajwa mbali na mto, au mtafiti alioneshwa samaki aliyekwisha kukaushwa. Samaki aliyekufa hupoteza rangi, na namna yake ya kuogelea haionekani tena. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumweka samaki hai mbele ya mzungumzaji, kwa akwariamu ndogo inayokaa chumbani hata pasipo umeme wa uhakika.

Tuanze na neno lenyewe. Wengine husema tangi la samaki, wengine hodhi. Akwariamu limetoka katika Kilatini, aqua, yaani maji, na lilienea Ulaya baada ya Philip Gosse kuchapisha kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1854. Neno hilo linataja maji, halitaji samaki, na huo ndio utaratibu wa kazi: maji hutayarishwa kwanza, samaki huja baadaye.

Chombo

Mpe kazi fundi wa vioo vya madirisha. Kioo cha milimita 6 kinatosha kwa chombo cha urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 35. Ukijaza hadi sentimita 30, unapata lita 40, yaani bidoni mbili za lita 20. Silikoni ya kuunganishia isiwe ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana huua samaki. Iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya kutia maji. Chombo kikijaa, pamoja na mchanga, kina uzito unaokaribia kilo 60. Meza ya vitabu inayoyumba haifai. Kiweke mbali na jua la dirishani, la sivyo maji yatageuka kijani.

Usidhani kwamba chombo kidogo zaidi ni rahisi zaidi. Katika lita 5, uchafu kidogo tu hubadilisha maji yote kwa siku moja.

Maji

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Amonia ni sumu. Katika maji yaliyokomaa, bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia. Bakteria hao huishi juu ya mchanga, mawe na sifongo, na huchukua muda kuongezeka: wiki 4 hadi 6 maji yakiwa na nyuzi 25, na zaidi ya hapo kwenye baridi. Anayeweka samaki siku ile ile aliyojaza maji humwua kwa amonia, hata kama maji yanaonekana safi kabisa.

Kwa hiyo tandika udongo wa kawaida usio na mbolea, unene wa sentimita 2 au 3, ufunike kwa mchanga uliooshwa, kisha panda mimea ya majini kwa wingi. Njia hii ya udongo na mimea ilielezwa vizuri na Diana Walstad katika kitabu chake cha mwaka 1999, nayo inatufaa kwa sababu haidai mashine. Tia chembe chache za chakula kila baada ya siku mbili ili bakteria wapate riziki, na usubiri. Maji ya chemchemi ni mazuri. Ya bomba yenye klorini yaache usiku mzima katika chombo kilicho wazi. Maji ya mvua karibu na Nyiragongo yaepukwe, kwani moshi wa volkano huyatia asidi.

Ukiwa na paneli ndogo ya jua, pampu ya hewa ya volti 5 yenye sifongo itasaidia sana. Usipokuwa nayo, ongeza mimea na upunguze samaki.

Samaki

Hapa jiografia inaamua. Milima ya Masisi ina usiku wa baridi. Walikale ya msituni iko chini na ina joto. Samaki wa Walikale atateseka katika chumba cha Masisi. Chagua samaki wa maji yaliyo karibu na chumba chako. Enteromius apleurogramma, samaki mwenye sharubu fupi anayepatikana katika bonde la ziwa Kivu, hufikia kama sentimita 5, na sita wanatosha kwa lita 40. Anza na wawili. Usiweke tilapia wala kambale: watakizidi chombo.

Walishe mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Kila wiki badilisha robo ya maji. Sifongo ioshwe kwa maji yaliyotoka humo humo, bila sabuni. Wakipanda juu kuhema, badilisha robo ya maji mara moja.

Samaki aliyekaa chumbani asitupwe mtoni wala ziwani. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo ni kitoweo chetu. Lakini sangara aliyepelekwa ziwa Victoria katika miaka hiyo hiyo alichangia kuangamiza spishi nyingi za samaki wadogo.

Kuuliza jina

Mzungumzaji akiketi mbele ya kioo, usiulize jina peke yake. Uliza wingi wake na upatanisho wake wa kisarufi, kama mtoto na mzazi wana jina moja, kama dume lina jina lake, na kinachomtofautisha na mwenzake: rangi, mdomo, au mahali anapopenda kukaa. Piga picha, andika kijito alikotoka.

Vita vimewahamisha wengi wa Masisi na Walikale mbali na mito yao, na watoto wanaokulia mjini husikia neno moja tu, samaki. Wazee wanaojua majina mengine bado wapo. Lita 40 za maji yaliyokomaa zinatosha kuwauliza.