Chipsi za saa mbili usiku

Saa mbili usiku, kando ya kituo cha daladala jijini Dar es Salaam, mwanamke amesimama mbele ya kabati la vioo lililojaa viazi vya kukaanga, anasubiri chipsi mayai. Tumbo lake halidai kitu. Mchana alikula wali maharage akashiba, na nyumbani kuna ugali na dagaa. Lakini leo amefokewa kazini mbele ya wateja, mwenye nyumba amepiga simu tena kuulizia kodi, na mtoto amerudi na barua ya mchango wa shule. Muuzaji anavunja mayai mawili, anayapiga kwa uma ndani ya kikombe, anayamwaga juu ya chipsi kikaangoni, kisha anaigeuza kwa sahani. Juu yake kachumbari, pilipili na tomato. Kwa muda ule wa kula, moyo unatulia. Baadaye, akiwa kitandani, mama huyu anajilaumu na kuapa kwamba kesho hatatia kitu mdomoni mpaka jioni.

Wapo wengi kama yeye, wanawake kwa wanaume. Wengine kimbilio lao ni soda baridi na keki, wengine mandazi ya jana yaliyobaki kwenye hotipoti, wengine nyama choma kila mwisho wa wiki wakiwa na kero vifuani. Jamii ikiwaona husema wana uroho. Hukumu hiyo si ya haki, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu aibu nayo ni mawazo, na mawazo ndiyo yaliyompeleka mtu kibandani tangu mwanzo.

Tuanze na mwili. Mtu akishtuka ghafla, tuseme gari limemkosakosa, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hudunda, na hamu ya kula hukatika. Hakuna anayeponea chupuchupu kwenye ajali akawaza vitumbua dakika ileile. Ila shida za maisha haziji na kuondoka kwa dakika tano. Kodi, ada, mgonjwa wa ndani, ndoa yenye ugomvi, vyote hivyo hukaa na mtu wiki na miezi. Mawazo yakidumu hivyo, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni iitwayo kotisoli. Hii kazi yake ni kuuandaa mwili ukabiliane na shida, na sehemu ya maandalizi hayo ni kuuhimiza utafute nishati. Kwa hiyo hamu ya kula hupanda, na haipandi kwa mchicha. Hupanda kwa sukari na mafuta.

Mwaka 2003 mwanasayansi Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliandika kuhusu panya walioishi katika msongo wa muda mrefu. Walipopewa sukari na mafuta, panya hao walikula, na miili yao ikapunguza makali ya msongo. Sambamba na hayo, ubongo huachilia dopamini, kemikali inayotufundisha kurudia jambo lililotupa raha. Ukila kitu kitamu siku ya huzuni, ubongo unaweka kumbukumbu kwamba huzuni ikija, dawa ni ile. Mara chache za mwanzo ni uamuzi. Baadaye harufu ya mafuta ya kukaangia, au taa ya kile kibanda tu, inatosha kuamsha hamu kabla mtu hajajua kwamba ana huzuni.

Je, chakula ni dawa kweli? Kwa binadamu, jibu lililopatikana mwaka 2014 linapaswa kujulikana na kila mtu. Traci Mann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwauliza washiriki mapema ni chakula gani huwafariji wakiwa na huzuni. Kisha wakawaonyesha vipande vya filamu vya kuhuzunisha, kutisha na kukasirisha. Baada ya hapo wengine walipewa chakula chao cha faraja, wengine chakula kingine wanachokipenda, wengine chakula cha kawaida tu, na wengine hawakupewa chochote. Ndani ya dakika chache hali zao za moyo zilipimwa tena. Wote walikuwa wamepata nafuu, na waliokula chakula cha faraja hawakuwazidi wale waliokaa mikono mitupu.

Maana yake ni kwamba chakula hupewa sifa isiyo yake. Huzuni ndogondogo za siku zina tabia ya kupungua zenyewe, na kwa kuwa zilipungua tukiwa tunatafuna, tunadhani ni chipsi zilizozipunguza. Hapa ndipo matumaini yalipo. Kama nafuu ingekuja hata bila sahani ile, basi mtu anachohitaji ni kitu cha kufanya wakati anaisubiri, tena kizuri, kinachompa raha yake halisi. Nguvu za kujinyima hazihitajiki kwa kiwango tunachodhani.

Na kujinyima kwenyewe ni mtego. Kiapo cha mama yule cha kushinda njaa kesho kitamrudisha kibandani akiwa na hamu mara mbili. Chuo kilekile cha Minnesota kiliwahi kulishuhudia hilo miaka 70 kabla. Kuanzia Novemba 1944, Ancel Keys aliwafanyia wanaume 36 waliojitolea jaribio la njaa: kwa karibu miezi sita walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwarudisha katika afya watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Vijana hao, waliokuwa wazima wa akili na mwili, walianza kuota chakula, kuzungumza chakula, hata kukusanya vitabu vya mapishi. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakasema hawajashiba. Mwili ulionyimwa haukumbuki ahadi za mwenyewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa anayekula kwa mawazo ni kula, na kula kwa saa zake. Wafanyakazi wengi wa mijini hunywa chai ya rangi asubuhi na andazi moja, mchana wanaruka, kisha saa moja jioni wanashuka kwenye daladala na njaa ya kutwa nzima ikiwa imechanganyika na hasira za kutwa nzima. Vitu hivyo viwili vikikutana, hakuna nidhamu inayosimama. Uji asubuhi, mihogo au viazi vitamu, maharage, kunde, mboga za majani na tunda mchana ni vitu vinavyokaa tumboni muda mrefu, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Mwenye kisukari anayetumia insulini asibadili mpangilio wa kula kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Usingizi nao unahusika kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 12 wa kiume wenye afya njema, wakawalaza saa nne tu kwa siku mbili mfululizo, na wakati mwingine wakawapa saa kumi kitandani. Walipolala kidogo, leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilipungua kwa asilimia 18. Grelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ilipanda kwa asilimia 28. Na hamu yao iliegemea zaidi vyakula vya wanga, vitamu na vya chumvi. Mama anayelala saa sita usiku akaamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi foleni, anaianza siku homoni zikiwa upande wa chipsi.

Sasa tuje kwenye mikono na macho. Hamu ya chakula ikimshika mtu, inakuja na picha: anaona soda inavyotoa jasho kwenye chupa, anakisikia kiazi kikichuruzika mafuta. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliitumia hali hii mwaka 2014. Waliwapa watu wenye hamu mbalimbali, wakiwemo wenye hamu ya chakula, mchezo wa kompyuta uitwao Tetris, ule wa kupanga matofali yanayodondoka. Wenzao walikaa wakisubiri mchezo usiofunguka. Baada ya dakika tatu tu, waliocheza walikuwa na hamu ndogo zaidi na picha yake imefifia. Sehemu ya ubongo inayochora picha ya chakula ndiyo iliyokuwa imeshughulishwa na matofali, na haikuweza kufanya kazi mbili kwa ukamilifu.

Hatuhitaji kompyuta kupata faida hiyo. Kazi yoyote inayoshika macho na vidole kwa pamoja ina sifa hiyohiyo. Kusuka ukili, kudarizi kofia, kusukana nywele barazani, kucheza bao au drafti, kushona, kuchambua mchele bila haraka, kupalilia tuta la matembele nyuma ya nyumba. Bibi zetu wa mwambao walikaa jioni nzima na ukili mikononi, wakisuka huku wanazungumza. Leo mikono yetu jioni ina simu, na simu yenyewe inatuonyesha picha za vyakula. Kwa maoni yangu, badiliko hili limetuumiza kuliko bei ya mafuta ya kupikia.

Kutembea pia kumepimwa. Chuo Kikuu cha Exeter kiliwaita wapenzi wa chokoleti, kikawapa kazi za mezani na bakuli la chokoleti karibu yao. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2012, yalionyesha kwamba waliotembea kwa kasi dakika 15 kabla ya kazi hiyo walikula karibu nusu ya walichokula waliokaa tu. Dakika 15 ni kama kushuka kituo kimoja kabla ya chako. Wenye nafasi wajiunge na vikundi vya jogging vya mitaani, vinavyoonekana barabarani asubuhi za mwisho wa wiki vikikimbia na kuimba. Mwenye mguu mbovu ana kwaya, ana kikundi cha taarabu, ana shoga wa kupigiana simu. La msingi ni kwamba kiwe kitu anachokipenda mwenyewe. Ukijiwekea mazoezi unayoyachukia, umejiongezea adhabu, na adhabu inatafuta faraja.

Kuamua kwa ujumla hakutoshi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba anayepanga kwa namna ya “likitokea hili, nitafanya lile” hutimiza nia yake kwa urahisi zaidi kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi. Kwa mama yetu wa kituoni mpango unaweza kuwa hivi: nikishuka na hasira, nitapita barabara ya msikitini, nimpigie dada simu mpaka nifike getini. Ni sentensi moja, ina mahali, ina saa na ina mtu. Kisha aipe muda. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliotoka mwaka 2009, ulikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kujengeka, lakini wengine walihitaji siku 18 na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Na kuruka siku moja hakukuvunja kitu. Ukila chipsi Jumatano, Alhamisi ipo palepale.

Nisieleweke vibaya. Kwetu chakula na moyo havijawahi kutenganishwa. Msibani majirani huleta sufuria, khitma haikosi wali, mgeni hulishwa kabla hajaulizwa habari, na binti aliyejifungua hupikiwa supu na mama mkwe. Kula pamoja na watu wanaokupenda siku ya huzuni ni jambo jema, na sitaki mtu yeyote alione ni ugonjwa. Mwenye shida ni yule anayekula peke yake, mara kwa mara, ili asihisi kitu fulani, na akimaliza kitu kile bado kipo. Wala tusidhani mawazo peke yake ndiyo yanayotunenepesha. Takwimu za afya za Tanzania zilionyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri waliongezeka kutoka asilimia 18 mwaka 2004–05 hadi asilimia 28 mwaka 2015–16. Kazi za kukaa, mafuta mengi na vinywaji vyenye sukari vina sehemu kubwa. Soda moja ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 linasema ingekuwa bora zaidi mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku.

Kuna wakati jambo hili huvuka mpaka wa mazoea. Mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akihisi hawezi kujizuia, mara nyingi kwa kujificha, na kubaki na aibu nzito, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, anaweza kuwa na maradhi ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi katika mwongozo wao mwaka 2013. Yanatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo inayochambua mawazo na matendo ya mtu. Vilevile kula ovyo kunaweza kuwa dalili ya sonona, ikiwemo ile inayowapata akina mama baada ya kujifungua. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara za afya ya akili, na kwingineko mganga wa kituo cha afya anaweza kukupa rufaa. Ukifika mbele ya daktari, usianze na kilo zako. Mweleze unakula saa ngapi, uko na nani, na ni jambo gani lilikuwa moyoni mwako kabla hujaanza kula.