Tumshukuru Mola, tusimsahau aliyetupakulia

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

Katika nyumba za Waislamu ni maneno machache yanayotamkwa mara nyingi kwa siku kama Alhamdulillah. Anayeamka hulitamka, apigaye chafya hulitamka, na anayenyanyuka kwenye sinia hulitamka huku akitafuta maji ya kunawa. Mgeni akiuliza habari za nyumbani, hata kama ndani kuna mtoto mwenye homa na kodi ya nyumba haijalipwa, jibu ni hilo hilo. Ni neema kwamba ndimi zetu zimezoea hivyo, wala hatuna nia ya kulipunguzia neno hili hadhi yake. Tunalotaka kulizungumza wiki hii ni jambo lililo jirani nalo: yule aliyepika kilichokuwa kwenye sinia, naye ameambiwa nini?

Swali hili halikutujia kitabuni. Limetoka katika daftari la usuluhishi. Wasomaji wengi wanafahamu kwamba wanandoa wanapokosana, kabla ya kufika kwenye mabaraza yanayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, aghalabu huanza kwa wazee wa msikiti. Kamati yetu huketi nao baada ya Sala ya Isha katika chumba kidogo cha madrasa, na kazi ya katibu ni kuandika. Watu hudhani kuwa ndoa huvunjwa na mambo makubwa tu: usaliti, ulevi, kipigo. Hayo yapo, na yanapofika tunayashughulikia kwa uzito wake. Lakini kurasa nyingi za daftari letu zimejaa mambo ambayo mtu akiyasoma pekee atayaona madogo. Mume anasema mkewe hana shukrani. Ukurasa unaofuata, mke anasema mumewe hana shukrani. Neno ni moja, na kila mmoja ana hakika kwamba linamhusu mwenzake.

Wanaume wanapofika hapo huwa na hadithi mkononi, ile ambayo Mtume (SAW) aliwaonya wanawake dhidi ya kukanusha wema wa waume zao. Hadithi hiyo ni sahihi na hatuifichi. Kinachotushangaza ni kwamba aliyeihifadhi hiyo barabara, mara nyingi hakuihifadhi ile ya siki.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah (RA) kwamba Mtume (SAW) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kama kuna kitoweo. Wakamjibu kuwa hawana ila siki. Akaiagiza iletwe, akawa anakula huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri, na sifa hiyo akairudia. Tuitazame hali yenyewe, ndugu msomaji. Ni mkate na siki. Mwenye nyumba ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na jikoni hamna kitu kingine. Kusema “hatuna ila hiki” ni maneno mazito kwa mwenye kuandaa chakula. Kila mama aliyewahi kufunua chungu mbele ya mumewe hali mna mchicha wa jana anaujua uzito huo. Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Zad al-Ma'ad, ameeleza kwamba sifa ile haikumaanisha kuwa siki ni bora kuliko nyama au asali. Ilisemwa kwa kadiri ya hali iliyokuwapo, na kwa kuuliwaza moyo wa yule aliyeileta. Naye Jabir akasema kwamba tangu siku ile aliyosikia maneno hayo hakuacha kuipenda siki.

Basi maneno mawili matatu juu ya siki yalimtuliza mwenye jiko, na yakambadilisha hata mgeni aliyekuwa pembeni. Na katika riwaya ya Abu Hurayra (RA), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, tunaelezwa kuwa Mtume (SAW) hakupata kukitia chakula kasoro. Akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kupitisha mwezi mmoja wa Ramadhani bila kusema kuwa uji umezidi maji?

Sasa tutaje kisa kimoja. Wenyewe tumewaomba idhini, nao wamekubali kwa sharti kwamba tusitaje majina wala mtaa, na tumebadilisha mambo mawili matatu ili wasitambulike. Mume ni seremala. Mke hupika vitumbua na kuviuza kibarazani. Wana watoto wanne na miaka kumi na mmoja ya ndoa. Mke ndiye aliyefika kwanza, akataka aachwe. Alipoulizwa kosa la mumewe, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: “Hanipigi, wala hanitukani. Lakini kila siku anakula vitumbua viwili na chai, anafuta mkono, anaondoka. Miaka kumi na mmoja, wazee wangu. Kama mtu aliyepita hotelini, na hotelini angalau analipa.”

Wajumbe wawili walitabasamu. Mzee wetu, ambaye ndiye mkubwa wa kamati kwa umri, hakutabasamu. Alimgeukia mume na kumuuliza jambo ambalo hatukulitarajia. “Mwanangu, hebu nieleze, kitumbua kinapikwaje?”

Yule bwana akacheka kidogo, akasema ni unga wa mchele, unakaangwa. Mzee akamwambia aendelee. Hakuwa na la kuendeleza. Ndipo mke alipoombwa aeleze yeye, akaeleza akiwa ametazama chini: mchele huuchagua na kuuloweka tangu mchana, baada ya Isha, watoto wakishalala, hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akachuja tui, akausaga mchele pamoja na tui, akatia hamira, sukari na iliki, akafunika uumuke. Saa kumi alfajiri huamka kuwasha mkaa. Adhana ya Alfajiri inapolia, vya kwanza vimeshageuzwa. Akisha kusali hurudi kwenye moto. Vitumbua viwili vya mume huviweka kando mapema, vile vilivyoiva vizuri zaidi, na hufunika sahani kwa kawa ili visipoe.

Mume alikuwa hajui. Tunaandika hivi bila kumdhihaki, kwa kuwa tulimwona usoni. Alijua kuwa mkewe anapika vitumbua, kama mtu anavyojua kuwa jua huchomoza. Saa hizo za baada ya Isha yeye huwa kibarazani na simu yake, na saa kumi huwa usingizini. Kwamba vile viwili vilikuwa vimechaguliwa, hilo hakuwahi kulifikiri.

Mzee hakumwachia mke vilevile. Alimuuliza kama anajua mumewe hurudi vipi kutoka karakana. Akasema kwa daladala. Mume akakohoa, kisha akasema kwamba tangu ada ya mtoto wa kwanza ipande, hupanda daladala asubuhi tu. Jioni hutembea. Nauli ile huiweka katika kopo la misumari. Miezi saba mke alikuwa akimwona anafika amechoka na hasemi na mtu, akahesabu kuwa amemchoka yeye.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameweka katika Ihya Ulum al-Din mlango mrefu juu ya subira na shukrani. Humo anafundisha kwamba shukrani ina sehemu tatu: elimu, hali ya moyo, na vitendo. Elimu ni kuijua neema na kumjua aliyeileta; katika elimu hiyo huzaliwa furaha moyoni; na katika furaha hiyo huzaliwa kitendo, cha ulimi na cha viungo. Halafu anamchukua msomaji kwenye jambo la kawaida kabisa, chakula, na kumwonyesha ni mikono mingapi, zana ngapi, mvua na ardhi kiasi gani vilishughulika mpaka mkate mmoja ukamfikia. Tulipokuwa wanafunzi chuoni tulikisoma kifungu hicho kama maelezo ya uweza wa Mwenyezi Mungu, nacho ni hivyo hasa. Jioni ile katika chumba cha madrasa tulikiona kwa upande mwingine. Seremala yule alikuwa na Alhamdulillah yake kila asubuhi. Lakini elimu, ile sehemu ya kwanza, hakuwa nayo, na pasipo elimu hiyo furaha haikuwa na pa kushika, wala ulimi haukuwa na la kumwambia mama watoto.

Tunapowashauri vijana wanaotaka kuoa, mara nyingi tunaambiwa kuwa kumshukuru mke au mume kwa maneno ni mambo ya tamthilia, kwamba wazee wetu hawakuwa na desturi hiyo na ndoa zao zilidumu. Hoja hii haitutoshelezi. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa maana kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Katika Surat Luqman, aya ya 14, Mola ameiunganisha shukrani Yake na ya wazazi wawili katika amri moja, akitaja udhaifu juu ya udhaifu wa mama aliyebeba mimba. Yaani ametupa sababu, ametutajia kazi iliyofanyika. Na katika Surat Saba, aya ya 13, watu wa nyumba ya Daudi (AS) wameamrishwa watende kwa kushukuru. Walioambiwa pale ni nyumba nzima, na walichoambiwa ni kutenda.

Hapa lazima tuweke tahadhari, kwa sababu tumeshaona neno hili likitumiwa vibaya mbele ya meza yetu. Yupo mume asiyeacha matumizi, asiyejua watoto wamekula nini, na mkewe anapolalamika huambiwa ashukuru, wapo wenzake wasio na waume kabisa. Wapo na ndugu wa mume, na wakati mwingine hata masheikh, wanaomtuliza mwanamke wa namna hii kwa mawaidha ya subira. Sisi tunaona huko ni kuitumia dini kufunika dhuluma. Hind bint Utba (RA) alimwendea Mtume (SAW) akamshitaki mumewe, Abu Sufyan, kuwa ni bahili na hampi kinachomtosha yeye na mwanawe. Mtume hakumwambia akashukuru kwa kidogo. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachowatosha yeye na mtoto kwa wema. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim, na katika kamati yetu husomwa kabla ya kikao chochote chenye madai ya matumizi. Nyumba ya siki ilikuwa haina kitu. Ya Hind ilikuwa nacho, kikazuiwa.

Kwa watoto mambo ni mepesi kuliko tunavyodhani. Mtoto hasomi shukrani katika daftari la madrasa, huisikia baba akisema jikoni. Katika nyumba moja tunayoifahamu, baba humtuma kijana wake wa kiume akae na mama yake jikoni siku ya Jumamosi, si kwa adhabu, bali achambue mchele, apepee jiko, aone moshi unavyoingia machoni. Majirani walimsema sana. Yeye hujibu kwa ile hadithi ya Bi Aisha (RA), alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na Sala ikifika hutoka kwenda kusali. Baada ya hapo majirani hupungukiwa na maneno.

Na yapo mengine ambayo hayahitaji hata maelezo: maji ya bomba yanaporudi usiku na mtu wa kwanza kuyasikia akaamka kujaza ndoo za wote, bibi anayeacha kipande chake cha samaki akidai ameshiba, binti aliyepiga pasi kanzu ya baba yake Alhamisi usiku ili Ijumaa isimkute na haraka. Mwenye kanzu anaweza kuivaa tu, au anaweza kuuliza nani kaipiga pasi. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Usama bin Zayd (RA) kwamba aliyetendewa wema akamwombea aliyemtendea kwa kumwambia Jazakallahu khayran, amefikia ukomo wa kusifu. Maneno mawili, na hayana gharama ya vocha.

Wale wawili waliamuliwa warudi baada ya wiki mbili, na ombi la mke likabaki wazi kama alivyotaka mwenyewe. Kikao cha pili kilikuwa kizito, hakikuzaa kitu cha kuandika. Katika kikao cha tatu mke aliulizwa kama kuna lililobadilika. Akasema mumewe amechukua kazi ya kukuna nazi. Mzee akauliza anaikunaje. “Vibaya,” akajibu. Usiku wa kwanza aliikuna hadi akagusa kifuu, tui likatoka na rangi, na asubuhi wateja wakauliza kama mchele umebadilishwa. Aliyaeleza hayo akijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda, na mume naye akainamisha kichwa akicheka. Ombi la talaka hajaliondoa. Ameomba apewe hadi mwisho wa mwezi ujao, na katika daftari tumeandika tarehe hiyo.